DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 12: FUTARI HAIFUTI DENI



Ndugu zangu katika imani, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji wetu haujaacha kujengwa. Nenda Mtumba, Iyumbu au Nzuguni, utawakuta vijana waliotoka Kondoa, Chemba, Bahi, hata Singida, wanabeba zege na tofali. Wengi hawana mkataba. Wengine wanalala palepale saiti. Na sasa wamo waliofunga, wanashinda juani, halafu jioni wanaambiwa: "Njoo kesho."

Tumtazame Nabii Musa (a.s.). Alifika Madyan akiwa mgeni, hana kitu. Katika Surat Al-Qasas, aya ya 27 na 28, mzee wa pale alimweleza masharti yote kwanza: malipo ni nini, kazi ni ya miaka 8, na akitimiza 10 ni hiari yake. Akamwambia pia kuwa hataki kumtaabisha. Yaani mgeni asiye na ndugu alipata makubaliano ya wazi kabla hajashika fimbo ya kuchungia.

Naye Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Allah atagombana nao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akafanyiwa kazi yote, kisha asimlipe.

Sasa kuna jambo tunalichanganya. Unakuta bosi anawapelekea vijana wa saiti tende na uji, huku wanamdai hela ya siku 4. Tende ni sadaka, ana thawabu zake inshallah. Hela ya siku 4 ni deni. Futari haifuti deni.

Mwenye nyumba atasema: "Mimi nilishamlipa fundi." Sawa, lakini waulize vijana kama wamepata. Fundi naye atasema: "Bosi hajanilipa." Basi waambie ukweli asubuhi, kabla hawajashika koleo, sio jioni.

Kazi ya leo: kabla ya magharibi, jiulize nani anakudai. Saidia fundi? Dada wa kazi? Aliyekulimia shamba la zabibu? Mlipe. Huna yote? Mpe ulichonacho, mtajie siku ya kumalizia. Kama amesharudi kwao, mtumie kwa simu.

Allah atutakasie funga zetu na mali zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.