Gari Likichemka, Washa Hita

Kwa joto la Shella, Malindi, hita ya gari haina kazi, ila labda kwa anayepanda Limuru mwezi wa Julai. Hata hivyo, ndiyo inayoweza kumwonyesha dereva kwa nini injini inachemka, kwa kuwa hupata moto wake kutoka kwa maji yale yale yanayopoza injini.

Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na usogeze gari kando. Hita ikitoa hewa ya moto, maji yanazunguka. Kagua rejeta na feni. Gari linalochemka kwenye foleni kisha likapoa likishika mwendo, mara nyingi feni ndiyo mbovu.

Hita ikitoa hewa baridi ilhali mshale uko juu, zima injini papo hapo. Maji yamepungua, hewa imenasa ndani, au pampu haisukumi. Ukilazimisha kufika nyumbani, silinda hedi huweza kupinda, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ingali moto. Maji yenye shinikizo huweza kupita nyuzi 100, nayo hayana simile. Subiri angalau nusu saa, hadi mpira wa juu upoe na ubonyezeke.

Maji mengi ya visima vya karibu na bahari yana chumvi. Hula rejeta na kuziba vijia vyembamba vya hita. Tumia kulanti. Wapo wanaong'oa thamostati ili gari lipoe, lakini huko ni kuficha ugonjwa. Na zulia la mbele likilowa kulanti yenye harufu tamu, hita ndiyo inayovuja.