Kabla Hujabeba Bomba

Mdogo wangu wa Magu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepulizia dawa mara tatu, hela ya kikoba imeishia duka la pembejeo, na viwavi bado wanatafuna. Sikulaumu. Hata mimi nilipuliza hivyohivyo, saa sita mchana, na mdudu kajilalia zake ndani ya moyo wa mhindi, kajifunika kinyesi chake kama vumbi la mbao. Niliosha majani tu.

Kiwavijeshi vamizi, huyu aliyeonekana nchini 2017, umtambue kwa Y iliyopinduka kichwani na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Lakini usisubiri akue hadi hapo. Mayai yake hutagwa kwa fungu, yamefunikwa manyoya kama pamba chafu. Liminye kwa kidole gumba, umemaliza mia moja na zaidi kwa mpigo. Pita shambani asubuhi, mara mbili kwa wiki, tangu mahindi yangali machanga, na watoto uwachukue maana wana macho. Viwavi wakishaingia, tia majivu au mchanga mkavu kwenye moyo wa mhindi. Wapo wanaonyunyizia maji ya kuoshea dagaa, sisimizi wafuate harufu na kuwakuta viwavi. Mmea wa utupa nao unaua, ila ndio huohuo wa kulewesha samaki: ndoo yake usiisuuze ziwani.

Msimu ujao jaribu mbinu ya sukuma-vuta. (Usicheke, jina halihusu kabila letu la Wasukuma.) Walioianzisha ni watafiti wa wadudu wa ICIPE, pale Mbita, ng'ambo ya ziwa upande wa Kenya, wakipambana na mabungua watoboao shina, na imeonekana kupunguza hata viwavijeshi. Kati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu. Harufu yake humkimbiza nondo, mama wa viwavi. Pembezoni unazungushia mabingobingo, nondo akatage huko, na viwavi wakitoboa shina utomvu unawanasa. Gugu la kiduha nalo halifui dafu mbele ya mizizi ya desmodiamu.

Sikufichi, msimu wa kwanza desmodiamu ni mvivu. Utaipalilia kwa mkono hadi uichukie, na mbegu yake huipati kila duka. Ulizia kwa bwana shamba au kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Anza na robo ekari. Mabingobingo yatangulie ardhini, mahindi yafuate.

Na mbuzi wa shemeji wafungwe mbali. Desmodiamu nayo wanaipenda.