SOMO: KUFAULU NI NINI?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad:

Ndugu msomaji, muulize mtoto wa skuli kufaulu ni nini, atakwambia ni kupita mtihani. Muulize kijana aliyemaliza masomo, atataja kazi na mshahara. Mwenye mke na watoto atataja nyumba. Mzee mwenye mvi atawataja wanawe. Na mgonjwa aliye kitandani, kwake yeye kulala usiku mmoja bila ya maumivu ni kufaulu kukubwa. Na pengine wote hawa ni mtu mmoja, katika nyakati mbalimbali za umri wake.

Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Hadid (57), aya ya 20, imetaja kuwa maisha ya dunia ni mchezo, na pumbao, na pambo, na kufakhirishana, na kushindana kwa wingi wa mali na watoto. Baadhi ya wafasiri wameona katika mpango huu daraja za umri wa mwanaadamu, kila daraja na kinachomshughulisha. Basi kubadilika kwa vipimo vyetu si jambo geni. Hatari ni mtu kuvibadilisha mpaka siku yake ya mwisho, asikiulizie hata mara moja kipimo cha Mola wake.

Maana ya neno

Kila siku mara tano muadhini hutuita tuje kwenye falah, yaani kufaulu. Asili ya neno hili katika Kiarabu ni kupasua ardhi, na ndiyo maana mkulima akaitwa fallah. Mkulima huipasua ardhi akaifukia ndani yake mbegu ambayo angeweza kuila leo, kisha akasubiri mavuno asiyoyaona bado. Tuishike maana hii, kwani tutaihitajia.

Mji wa dhahabu

Kusini mwa bara letu la Afrika upo mji wa Johannesburg. Haukuanzishwa kwa sababu ya bandari wala mto mkubwa. Mwaka 1886 iligunduliwa dhahabu katika shamba la Langlaagte, na watu wakamiminika kutoka kila upande. Wazulu huuita eGoli, mahali pa dhahabu. Hapo ardhi ilipasuliwa, lakini kwa ajili ya kutoa, si kwa ajili ya kupanda.

Miongoni mwa matajiri wa mwanzo wa mji huo alikuwa Barney Barnato, aliyezaliwa katika mtaa wa maskini wa London. Alitajirika kwa almasi ya Kimberley, kisha kwa dhahabu ya Johannesburg. Akajijengea jumba la fahari. Mwezi wa Juni 1897, akiwa safarini baharini kwenda Uingereza, alitumbukia majini akafa, na wengi walisema kwamba alijitupa mwenyewe. Jumba lake hakuwahi kulihamia. Baadaye likawa skuli ya wasichana.

Na waliochimba dhahabu hiyo ni wanaume wa Lesotho, Msumbiji, Malawi na kwengineko, waliokwenda kuitafutia riziki ahali zao. Wengi walirudi makwao na vumbi la mawe katika mapafu, maradhi yaitwayo silikosisi. Ilikuwa mwaka 2019 ndipo mahkama ya Johannesburg ilipoidhinisha mapatano ya fidia ya randi bilioni tano kwa wagonjwa na warithi wao. Wengi walikwisha kufa. Angalia basi: kilichohesabiwa kuwa ni kufaulu kwa mmoja kililipwa kwa pumzi za mwengine.

Kijana aliyebadilisha kipimo chake

Mwaka 1941 alifika Johannesburg kijana kutoka mashambani, Nelson Mandela, akapata kazi ya ulinzi wa usiku kwenye machimbo. Hatumtaji kuwa ni hoja katika dini, bali tunayazingatia aliyoyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1994. Alikuja akiamini kwamba shahada ya chuo kikuu ndiyo itakayomtukuza na kumrudishia mama yake heshima na neema. Mjini akamkuta Walter Sisulu, mtu asiyekuwa na shahada yoyote, naye akamwona anamshinda kwa busara na uongozi. Akataka kwanza uhuru wake mwenyewe: kazi, ndoa, maisha yake. Kisha akaona kwamba hana uhuru ikiwa watu wake wamefungwa. Mwaka 1952 alifungua ofisi ya uwakili pamoja na Oliver Tambo, naye akaiacha dunia hiyo iliyokuwa imeanza kumnyookea.

Lakini bei yake ilikuwa kubwa. Alifungwa miaka 27. Mama yake alikufa mwaka 1968, na mwanawe mkubwa mwaka 1969, naye hakuruhusiwa kuwazika. Alipotoka mwaka 1990, kisha akawa rais mwaka 1994, alikaa muhula mmoja tu akaondoka. Kila kufaulu kuna kinachotolewa. Mwenye akili huuliza mapema ni nini atakachokitoa, na kwa ajili ya nani.

Watu wa jana na watu wa leo

Katika Sura ya Al-Qasas (28), aya ya 76 mpaka ya 82, tumehadithiwa habari za Qarun. Alipowatokea watu wake na mapambo yake, wapenda dunia walitamani wapewe mfano wa alivyopewa yeye. Wenye ilimu wakawakanya. Kisha ardhi ikammeza yeye na nyumba yake. Asubuhi yake, wale wale waliopatamani mahali pake jana wakamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hakuwapa walichokitaka. Kipimo chao kilibadilika kwa usiku mmoja. Bali wenye ilimu maneno yao yalikuwa yale yale, kabla na baada.

Na katika historia yetu tunaye Imamu Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima (r.a.). Alifungwa gerezani na Al-Hajjaj. Kisha huko Basra akasomesha kwa siri katika handaki, akisuka vikapu hata akaitwa Al-Qaffaf, msusi. Aliyepita njiani angemwona fundi maskini tu. Lakini kutoka handaki lile walitoka wabeba ilimu waliokwenda Oman, Yemen, Khurasan na Maghrib, na mmoja wao, Abdurrahman bin Rustam, akawa Imamu wa Tahert. Hiyo ndiyo kazi ya mkulima: alipanda chini ya ardhi, na mavuno yakachanua katika nchi asizozikanyaga.

Mafunzo kwetu

Wazee wetu wa Unguja na Pemba walikuwa wakimpima mtu kwa mikarafuu yake. Baada ya mwaka 1964, waliohama walipima kwa kupata usalama na mkate wa siku. Watoto wao katika nchi za Ghuba wanapima kwa mshahara, nyumba na gari. Hakuna dhambi katika halali. Lakini sisi Ibadhi tunaamini kwamba imani ni kauli na amali, na kwamba matamanio hayamwokoi anayeendelea na maasi bila ya kutubia. Basi asiseme mtu amefaulu ilhali mshahara wa mtumishi wa nyumbani kwake umecheleweshwa, au zaka haikutolewa, au deni la ndugu halijalipwa, au mwanawe haijui sauti yake isipokuwa kwenye simu. Na mlango wa toba u wazi maadamu roho haijafika kooni.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Miaka kumi iliyopita ulikuwa ukitaka nini? Ulipokipata, kilikutosha?
2. Ni nani anayelipa bei ya mafanikio yako?
3. Ni mbegu gani unayoipanda leo ambayo huenda usiyaone mavuno yake?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie katika waliofaulu siku ambayo mali wala watoto havitafaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.