Neno “Forest” la Kiingereza na Kisawe Chake “Msitu”: Chimbuko, Maana na Tatizo la Tafsiri

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa tafsiri huelekea kuamini kwamba majina ya mandhari hayana utata: “river” ni mto, “forest” ni msitu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo haitoshelezi kwa neno hili la pili. Tunadai kwamba “forest” limebeba maana ya kisheria kwa karne nyingi, na kwamba kisawe “msitu” huificha maana hiyo.

2.0 Chimbuko

Kiingereza cha Kale kilikuwa na maneno yake ya mahali penye miti, kama vile “wudu”, “weald” na “holt”. “Forest” lilitokana na Kifaransa cha Kale, nalo lilianza kutumika katika Kiingereza mnamo mwishoni mwa karne ya 13. Asili yake ni kirai cha Kilatini cha zama za kati, “forestis silva”. Wanaisimu wengi hulihusisha “forestis” na “foris”, yaani nje. Wengine hulihusisha na “forum”, kwa maana ya mahali pa kuamulia mashauri. Vyovyote iwavyo, hakuna mzizi hata mmoja kati ya hiyo miwili unaotaja mti. Miti ilikuwa katika “silva”, neno ambalo baadaye lilidondoshwa.

3.0 Maana ya kisheria

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno hili lilihusu eneo lililotengwa kwa uwindaji wa mfalme na kutawaliwa kwa sheria ya pekee. Sheria hiyo ililinda wanyama, hasa kulungu, pamoja na mimea waliyoitegemea. Eneo la namna hiyo liliweza kuwa na vijiji, mashamba na mbuga tupu. New Forest, lililotengwa na William wa Kwanza mnamo 1079, ni mfano mashuhuri.

Mkataba wa mwaka 1217, uliotolewa kwa jina la Henry wa Tatu, ulikataza mtu kuuawa au kukatwa kiungo kwa kosa la kuwinda wanyama wa mfalme. Aidha, uliagiza baadhi ya ardhi “zitolewe” katika “forest”. Kitendo hicho hakikuwa ukataji wa miti. Kilikuwa kuondoa mamlaka ya sheria hiyo. Hata leo, sehemu ya Dartmoor iitwayo “forest”, pamoja na maeneo mengi ya uwindaji wa kulungu huko Uskoti yenye jina hilo, kwa kiasi kikubwa hazina miti.

4.0 Tatizo la kisawe

Mfasiri anayeandika kwamba wakulima wa Uingereza ya karne ya 13 “waliishi msituni” huwafanya watu wa porini, ilhali matini asilia husema walikuwa chini ya sheria kali. Katika muktadha huo, “himaya ya mfalme ya uwindaji” ingefaa zaidi.

Tatizo hili linatugusa pia. Katika Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002, hifadhi ya msitu hupatikana kwa tamko la kisheria. Kwa hiyo mwanakijiji aonapo miti na ofisa aonapo mpaka wanaweza kutumia neno moja pasipo kuelewana.

Ni vyema kulinganisha na “kaya”. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, neno hili humaanisha makazi, na sasa hutaja pia misitu mitakatifu iliyozunguka makazi ya wahenga wao, ambayo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Iwapo “forest” latokana na “foris”, basi neno moja limeanzia nje na jingine nyumbani.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kisawe sahihi hutegemea wakati na muktadha wa matini. Kabla ya kuandika “msitu”, mfasiri hana budi kujiuliza: je, matini inataja miti, au inataja mwenye mamlaka juu ya ardhi? Anayekosea hapo hupotosha zaidi ya mandhari. Hupotosha haki za watu waliomo.