Dondoo muhimu: Ada ya uzamili kutoka mzingani

Wewe ni mwalimu au mtumishi wa Halmashauri ya Uyui, kazi yako ipo Isikizya, na unatamani shahada ya uzamili? Kifikirie Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992: unasoma huku mshahara ukiendelea, na kina kituo Tabora mjini. Ulizia mapema namna ya kulipa ada kwa awamu. Kisha utazame msitu wa miombo unaokuzunguka: ufugaji nyuki humo unaweza kukusaidia kulipa ada hiyo.

• Kabla ya kununua mizinga, pata mafunzo. Chuo cha ufugaji nyuki kipo hapo hapo Tabora.

• Usivune sega ambalo nyuki hawajaliziba kwa nta. Asali changa ina maji mengi; itachacha ndooni na mteja hatarudi.

• Moshi uwe kidogo. Asali huushika.

• Usitupe masega yaliyokamuliwa! Huwa inaniuma sana kuyaona yamemwagwa. Yachemshe kwa maji, chuja kwa kitambaa, acha yapoe. Nta itaganda juu. Nta haiozi, kwa hiyo waweza kuitunza mpaka upate bei nzuri.

• Fedha ya mavuno ipeleke benki siku hiyo hiyo, kwenye akaunti ya ada pekee.