Bawabu Mmoja Mbele ya Jina
Maswali na majibu juu ya virejeshi na vibainishi vya Kiingereza

Katika mambo yanayomtaabisha Mswahili anayejifunza Kiingereza, hata yule aliyekwisha kuhitimu na kushika kazi ya ualimu au ya ukarani, hakuna lililojificha kuliko namna virejeshi, yaani maneno kama "who", "which", "whose" na "that", vinavyokutana na vibainishi, yaani "the", "a", "my", "this", "every" na wenzao. Kila kundi hufundishwa peke yake, katika somo lake na siku yake, na mwanafunzi hulifahamu. Taabu huzuka pale makundi hayo mawili yanapokutana katika sentensi moja. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa aghalabu, nami nimeyajibu kwa urefu unaostahiki kila moja.

Swali: Kwa nini Kiingereza hakikubali vibainishi viwili mbele ya jina moja?

Jawabu: Kwa sababu mbele ya jina la Kiingereza pana mlango mmoja, na mlango huo una bawabu mmoja tu. Bawabu huyo aweza kuwa "the", au "a", au kionyeshi kama "this", au kimilikishi kama "my", au neno kama "every". Lakini akishashika zamu mmoja wao, wengine wote hawana nafasi, na ndiyo maana haisemwi "the my book" wala "this my book", bali "my book", au, ikiwa msemaji amekusudia kuonyesha na kumilikisha kwa pamoja, "this book of mine".

Sisi hatukuizoea dhiki hiyo. Katika Kiswahili vibainishi aghalabu hulifuata jina, navyo huweza kuandamana vingi bila ya kusukumana, maadamu kila kimoja kimepatana na ngeli ya jina lake: vitabu vyangu hivi vyote vitatu. Kwa hiyo masikio yetu hayashtuki tusikiapo viwili vimekaa pamoja, ilhali ya Mwingereza wa leo hushtuka. Nasema wa leo kwa makusudi, kwani katika Kiingereza cha zama za Shakespeare, na katika tafsiri ya Biblia iliyotoka mwaka 1611, kionyeshi na kimilikishi huonekana bega kwa bega mbele ya jina moja, na msomaji akikutana navyo humo asidhani kuwa ni kosa la mpiga chapa. Na yafaa kujua pia kwamba "all" na "both" husimama nje ya mlango, mbele ya bawabu, kama katika "both my parents", na hesabu husimama ndani, nyuma yake, kama katika "my three brothers". Maneno hayo hayashindanii zamu na mtu.

Swali: Mwalimu, mwanafunzi wangu ameandika "The boy who his father is a teacher is absent today". Najua kwamba si sahihi, walakini aliponiuliza sababu sikuwa na hoja ya kumpa. Nimwambie nini?

Jawabu: Mwalimu mwenzangu, kwanza mwambie kwamba hakutunga ovyo. Ameifuata sarufi ya lugha yake hatua kwa hatua, kwani Kiswahili husema "mvulana ambaye baba yake ni mwalimu", na katika maneno hayo kirejeshi "ambaye" hufanya kazi moja tu, ya kurejea kwa mvulana, na umiliki huachiwa "yake", ambayo hubaki mahali pake baada ya jina kana kwamba hapakuwa na urejeshi wowote. Kiswahili hugawa kazi hizo mbili kwa maneno mawili. Kiingereza huziunganisha katika neno moja, "whose", ambalo ni kirejeshi kwa upande wa nyuma, likimtazama "boy", na ni kibainishi kwa upande wa mbele, likilishika jina "father". Kwa kuwa ni kibainishi, ndilo bawabu. Na kwa kuwa ndilo bawabu, hapana nafasi tena ya "his", wala ya "the", wala ya mwingine yeyote. Basi "the boy whose father is a teacher" imekamilika, na "the boy whose his father" ina mabawabu wawili wanaogombea mlango mmoja.

Mpe na njia ya kujipima. Aliondoe "whose", aweke "his" mahali pale pale, asikilize: "His father is a teacher." Ikisimama vyema, na "whose" itasimama. Sifa na hesabu zitakazokuja nyuma ya "his" zitakuja vile vile nyuma ya "whose", kama katika "the boy whose three elder brothers are sailors", bila ya kuongeza wala kupunguza.

Liko jambo la pili ambalo huleta taabu hata kwa waliobobea. Bawabu haachani na jina lake. Jina likiwa ni la mtendwa, ambalo kwa desturi ya Kiingereza hukaa baada ya kitenzi, "whose" hulivuta lije nalo mbele: "the boy whose father I met yesterday", wala si "the boy whose I met father". Na kikiwapo kihusishi, navyo huweza kuja vyote vitatu kwa pamoja: "the woman in whose house we stayed". Linganisha na sisi tunavyosema, "mwanamke ambaye tulikaa nyumbani kwake", uone jinsi Kiswahili kinavyoiacha nyumba ikae mwishoni kwa raha yake, na Kiingereza kinavyoihamisha pamoja na vyombo vyake vyote.

Kosa la "the book which I bought it" lina asili iyo hiyo. Tunasema "kitabu nilichokinunua", tukilirudia jina mara mbili katika kitenzi kimoja, kwa "cho" na kwa "ki", na hatuoni ziada. Kwa Mwingereza "which" ndiye mtendwa mwenyewe, kwa hiyo "it" haina wa kumwakilisha.

Swali: Je, yafaa kusema "the house whose roof was blown away"? Nimefundishwa kwamba "whose" ni ya watu tu.

Jawabu: Yafaa, na aliyekufundisha hivyo amelibana neno kuliko historia yake. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa umbo la umilikishi la "who" na la "what" kwa pamoja, yaani la mtu na la kitu, na waandishi wakubwa wa lugha hiyo hawakuacha kulitumia kwa vitu. Anayeona haya kulitumia aweza kusema "the house the roof of which was blown away", lakini atazame kwa makini "the" iliyorudi mbele ya "roof": imerudi kwa kuwa "of which" si kibainishi, na mlango ulioachwa wazi na "whose" sharti upate bawabu mwingine. Kwa maoni yangu ibara ya kwanza ni nyepesi na nzuri zaidi.

Swali: Mimi ni karani. Niliandika "The ship carried sixty passengers, some of them were sick", nikarudishiwa barua, na juu ya "them" pameandikwa "whom". Tofauti ni ipi?

Jawabu: Tofauti ni ya kifundo. Katika sentensi yako pana habari mbili kamili zilizoshikizwa kwa mkato peke yake, na mkato wa Kiingereza hauna nguvu za kubeba mzigo huo. "Them" huwataja abiria tu. "Whom" huwataja na papo hapo huifunga habari ya pili kwenye ya kwanza. Lau ungeliweka nukta mahali pa mkato, "some of them were sick" ingelikuwa sahihi kabisa.

Katika muundo huu kibainishi na kirejeshi hukutana kwa kuwekewa "of" katikati, na masharti yake ni machache. Upande wa kushoto husimama neno la kiasi linaloweza kujitegemea bila ya jina: "some", "many", "most", "all", "both", "few", "several", "each", "neither", na hesabu zote. "No" haiwezi kujitegemea, basi hugeuka "none". "Every" nayo huhitaji msaada ikawa "every one". "The" na "a" hazikubaliki kamwe. Upande wa kulia, baada ya "of", watu huwa "whom" na vitu huwa "which", wala "who" na "that" hazikanyagi hapo. Hata "whose" huruhusiwa, pamoja na jina lake: "a teacher, some of whose pupils became judges".

Swali: Nini tofauti ya "my brother who lives in Mombasa" na "my brother, who lives in Mombasa"?

Jawabu: Msemaji wa kwanza ana ndugu zaidi ya mmoja na anabainisha yupi, na wa pili anadhani umekwisha kumjua ndugu anayesemwa, na anakuongezea habari yake. Hayo yamo katika kila kitabu. Lisilosemwa sana ni kwamba kibainishi chenyewe huamua kama mkato unaruhusiwa au hauruhusiwi. Ukisema "every student", "any student" au "no student", hujamtaja mtu yeyote maalumu ambaye habari yaweza kuongezwa juu yake, basi urejeshi wenye mkato hauna pa kushika: "every student who passed" husimama, na "every student, who passed" huanguka.

Na kinyume chake kinanipendeza zaidi, maana hapo kirejeshi ndicho kinachomwita bawabu. Jina la mji katika Kiingereza aghalabu halichukui "the": husemwa Zanzibar, Mombasa, Lamu, peke yake. Lakini mtu akitaka kuutenga mji wa wakati fulani na mji ule ule wa wakati mwingine, husema "the Mombasa that my grandfather knew", na "the" iliyokatazwa hapo kwanza sasa haina budi kuwapo, kwani urejeshi umeugawa mji mmoja ukawa miji mingi, na mmoja katika hiyo wahitaji kubainishwa. Vivyo hivyo kwa majina ya mambo yasiyoshikika kwa mkono: "he spoke with courtesy" haihitaji kibainishi, lakini "he spoke with a courtesy that surprised us all" haiendi bila ya "a". Mwalimu anayefundisha kibainishi bila ya kuuangalia urejeshi unaofuata atawaacha wanafunzi wake gizani hapo.

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma sentensi yenye "that that" nikadhani ni kosa. Pia nikiandika "all what I have" husahihishwa. Naomba unifafanulie.

Jawabu: Marahaba, mwanangu. "That" ni maneno matatu yaliyovaa kanzu moja. Katika "that book" ni kibainishi. Katika "I know that he came" ni kiungo. Katika "the book that I bought" ni kirejeshi. Mwingereza huzitofautisha kwa sauti pia, kwani ile ya kibainishi huitamka kwa irabu kamili, na hizo nyingine mbili huzifinya. Kwa hiyo "I know that that book is yours" ni sahihi, ya kwanza ikiwa kiungo na ya pili bawabu wa "book". Kwa asili "that" ilikuwa kionyeshi, na "the" ni ndugu yake wa damu.

Otto Jespersen, mwanachuoni wa Denmark aliyeishi kutoka mwaka 1860 hadi 1943, alikataa hata kuiita "that" ya urejeshi kiwakilishi, akaiona kuwa ni chembe tu ya kuunganishia, na hoja za rai hiyo zina uzito: haina umbo la wingi, haina umbo la umilikishi, wala haikubali kihusishi mbele yake. Husemwa "the man to whom I spoke" au "the man that I spoke to", lakini "the man to that I spoke" haisemwi. Ama ile kanuni kwamba "that" iwe ya urejeshi usio na mkato na "which" iwe ya wenye mkato, ilitiwa nguvu na H. W. Fowler katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, naye mwenyewe alikiri kwamba waandishi wengi hawakuwa wakiifuata. Ishike nusu yake: usiweke "that" baada ya mkato. Nusu nyingine ni hiari.

Juu ya "all what": neno "what" limekwisha kumeza ndani yake jina linalorejewa, maana yake ni "lile ambalo". Ukiweka "all" mbele yake umeleta cha kurejewa mara mbili. Andika "all that I have", au "what I have".

Swali: Je, "which" na "what" nazo zaweza kuwa mabawabu kama "whose"?

Jawabu: Zaweza. "Which" hushika mlango wa jina linalokusanya habari yote iliyotangulia, aghalabu baada ya kihusishi: "The train may be late, in which case we shall wait", na kadhalika "by which time" na "for which reason", na muundo huu ni wa barua rasmi na hati za mahakama kuliko wa mazungumzo. "What" hushika mlango wa jina ambalo halikutajwa kabla, na hubeba dokezo la uchache: aliyesema "I gave him what money I had" hakukusudia tu kusema kwamba alitoa fedha yake, bali kwamba fedha yenyewe haikuwa nyingi, na akitaka kulibainisha zaidi huongeza "little" nyuma ya bawabu, "what little money I had". Na msemaji asipotaka kuchagua, bawabu huwa "whichever" ikiwa vya kuchaguliwa vinajulikana, kama katika "take whichever road you like" mbele ya njia mbili, au "whatever" ikiwa uwanja hauna mpaka.