Kustaafia Usambara: Mafunzo Niliyopata

Wenzangu wengi wa Mombasa wakistaafu hutazama Kilifi, Diani au kijiji walikozaliwa. Mimi na mke wangu tulivuka mpaka wa Lunga Lunga, tukapita Tanga na Korogwe, tukapanda Lushoto, kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania. Tulitaka hewa baridi, milima ya kutembea na kishamba cha mboga. Naandika kwa ajili ya Mkenya, Mganda au yeyote anayefikiria safari kama hiyo, kwa sababu nawaona watu wakiuza vyao nyumbani kabla ya kuijua sheria ya huko waendako.

1. Uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haukupi ardhi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa watu kusafiri, kufanya kazi na kukaa nchi jirani. Wengi huishia hapo. Ibara ya 15 inasema matumizi ya ardhi yatafuata sera na sheria za kila nchi, na sheria ya Tanzania haifichi neno: kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Mstaafu anayetafuta nyumba na bustani si mwekezaji. Dalali atakwambia njia ipo, andikisha kwa jina la rafiki au la kijana wa pale. Kataa. Karatasi ya namna hiyo haitakulinda mbele ya baraza la ardhi, na siku rafiki akifariki, warithi wake watakuja na haki yao kamili.

Mimi naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, ingawa ndiyo iliyonizuia. Usambara watu ni wengi, mashamba ni vipande, na kila kizazi kinagawana kidogo zaidi. Pensheni ya Nairobi au akiba ya mtu aliyefanya kazi Ulaya ingeweza kumaliza kilima kizima kwa msimu mmoja, vijana wa Kisambaa wakabaki vibarua palipozikwa babu zao. Sisi Wakenya tunaujua uchungu huo. Nyanda zetu za juu zilitwaliwa na walowezi, na kesi zake hazijaisha. Hata Katiba yetu ya 2010, ibara ya 65, inamruhusu mgeni kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

2. Kupanga kuna kanuni zake.

Kwetu kodi hulipwa kila mwezi. Huku wenye nyumba wengi hutaka ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo njoo umejiandaa. Mkataba uandikwe, ushuhudiwe na uongozi wa mtaa au kijiji, na utaje maji yanatoka wapi wakati wa kiangazi. Kama nyumba ina shamba, zungumzeni miti mapema. Mpangaji hulima kabichi, karoti, maharage na hoho bila mtu kumuuliza. Mparachichi ni habari nyingine, kwa sababu mti wa kudumu ni kama alama ya mpaka, na anayeupanda anaweza kuonekana anadai ardhi. Sisi tulimwomba mama mwenye nyumba kwanza, tukaandika kwamba miti itabaki kuwa yake. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe hutuletea miche.

3. Uje kwanza Julai.

Picha nyingi za Lushoto hupigwa jua likiwaka. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unaweza kukaa siku nzima, nguo zikavunda kabatini na magoti yakalalamika. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi hazina pa kuwashia moto. Ukiweza kuishi hapo Julai, miezi mingine ni starehe.

4. Mlima unatembewa kwa ruhusa.

Hapa ndipo palipoyabadilisha maisha yetu. Kutoka mjini tunatembea hadi Irente, ambako mwamba unakatika ghafla na chini kabisa unaona Mazinde, mashamba ya mkonge na nyika ikipotelea kwenye vumbi. Siku nyingine tunalipa ada na kuingia msitu wa Magamba, tukiwasikia mbega kabla ya kuwaona. Wenye miguu imara hutembea siku kadhaa mpaka Mtae, ukingoni kabisa mwa milima, wakilala vijijini.

Lakini karibu kila njia ya huku hupita kwenye shamba la mtu. Matuta unayoyaona yamechimbwa kwa jembe la mkono, mengine kwa miaka mingi ya jasho la familia moja, ili mvua ya masika isiuteremshe udongo wote bondeni. Ukikata njia ya mkato juu ya tuta, unafungua mlango wa maji. Tembea na kijana mwenyeji, umlipe vizuri. Atakuonyesha kinyonga wa pembe ambaye macho yako yangempita, na atajua ni shamba la nani mnalopita na namna ya kumsalimu mwenyewe.

5. Mgeni huingia kwa kutoa.

Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kuhusu ukoo uliotawala Usambara, kinasimulia jinsi mwasisi wao, Mbega, alivyokuja kutoka Ngulu, mwindaji asiye na shamba wala ukoo hapa. Aliua nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao, nyama akawagawia watu, nao wakamkubali hata wakamfanya mkubwa wao. Mke wangu alikuwa muuguzi. Watu humjia kupimwa presha kibarazani, bila malipo. Mimi huenda na jembe siku ya kuzibua mfereji wa maji, na msibani tunatoa mchango kama kila nyumba. Kwa Kisambaa changu cha salamu tu, nimepata majirani.

6. Fikiria hospitali kabla hujaihitaji.

Wilaya ina hospitali, na Bumbuli ipo nyingine ya Walutheri. Maradhi makubwa hupelekwa Bombo kule Tanga, au KCMC Moshi. Kutoka Lushoto hadi barabara kuu ya Mombo ni kilomita 33 tu, ila unateremka karibu mita 1,000 kwa kona zisizokwisha, na masika maporomoko huweza kuifunga njia. Bima yako ya nyumbani uliza kwa maandishi kama inalipa ng'ambo ya mpaka. Sisi tumeshakubaliana na watoto: siku mmoja wetu atakapohitaji daktari kila mwezi, tutateremka Tanga au tutarudi Mombasa. Na kwa kuwa hatuna nyumba ya kutafutia mnunuzi, tutasubiri kodi iishe, tukabidhi funguo, na miparachichi tumwachie mwenyewe.